Zana za bure za mtandaoni kwa darasa jumuishi: mwongozo wa mwalimu anayeanza

Walimu wanaopokea mtoto mwenye ulemavu darasani kwa mara ya kwanza huniuliza swali lile lile: "Nipakue programu gani?" Mara nyingi anayeuliza ameshapakua tano au sita, simu imejaa, na mtoto bado yuko pale pale alipokuwa. Nimeamua kuandika jibu refu mara moja, hatua kwa hatua, kwa mwalimu ambaye hajawahi kugusa zana hizi na hana fundi wa kompyuta wa kumwita.

Jibu fupi ni hili: jua kwanza mtoto anakwama wapi, kisha chagua zana moja tu, uijue vizuri kabla hajaigusa. Mengine yote hapa chini ni namna ya kulifanya hilo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Simu janja moja ya Android, au kompyuta moja ya Windows. Moja inatosha kuanzia.
- Intaneti siku ya maandalizi. Darasani kwenyewe huenda usiihitaji, ukichagua vizuri.
- Visikizi vya waya. Vya waya havihitaji chaji na havikatiki katikati ya somo.
- Akaunti yako wewe mwalimu. Usianze kwa kumfungulia mtoto akaunti.
- Ukurasa mmoja wa somo la kesho: hadithi, zoezi, au maelezo uliyoyaandika ubaoni.
- Dakika arobaini ukiwa peke yako. Mtoto asiwepo. Akikuona unahangaika na vitufe siku ya kwanza, ataamini kifaa ni kigumu, na kumtoa kwenye imani hiyo ni kazi ya wiki kadhaa.

Hatua ya 1: Andika kikwazo kwa sentensi moja

Chukua daftari uandike kitu ambacho mtoto anashindwa kufanya, siyo jina la hali yake. "Ana disleksia" (ugumu wa kusoma na kuandika maneno) haikuambii ufanye nini kesho asubuhi. Sentensi hizi zinakuambia:

"Akisomewa hadithi anajibu maswali yote, akiisoma mwenyewe anaishia mstari wa pili."

"Ananielewa nikiwa nimemtazama, lakini nikigeukia ubao anapotea."

"Anajua jibu, ila kuliandika kunamchukua nusu ya kipindi na mkono unamuuma."

Mtazame siku mbili tatu kabla ya kuandika. Kisha muulize mwenyewe, kwa lugha anayoielewa, kwa ishara au kwa picha kama haongei. Hapa walimu wengi huruka, nami niliwahi kuruka. Nilikaa muhula mzima nikimkuzia maandishi mwanafunzi mwenye uoni hafifu, kumbe shida yake kubwa ilikuwa mwanga wa dirishani uliokuwa ukipiga ubao. Siku nilipomuuliza, tulihamisha dawati na nusu ya tatizo ikaisha bila programu yoyote.

Onyo: usimpe mtoto jina la ugonjwa au hali ambayo mtaalamu hajaithibitisha. Sentensi yako ieleze unachokiona tu.

Hatua ya 2: Chagua zana moja inayolingana na sentensi hiyo

Soma kifungu kinachofanana na sentensi yako, vingine viache kwa sasa.

*Anaelewa akisomewa, lakini kusoma kunamshinda*

Unahitaji kifaa kinachosoma maandishi kwa sauti. Kwenye Android kipo tayari ndani ya mipangilio ya ufikivu. Simu iliyo katika Kiingereza itakuandikia Accessibility, kisha Select to Speak. Ukikiwasha, kialama kidogo hutokea pembeni ya skrini. Ukikigusa na kuchagua aya, simu inaisoma.

Kwenye kompyuta, fungua ukurasa au PDF ndani ya kivinjari cha Edge, kisha bonyeza Ctrl, Shift na U kwa pamoja. Edge kina sauti za Kiswahili zinazosomeka kama mtu, nazo zinahitaji intaneti. Kwa kurasa za wavuti bonyeza F9: matangazo na menyu vinaondoka, maandishi yanabaki peke yake, na unaweza kuyakuza, kuongeza nafasi kati ya herufi, au kuonyesha mstari mmoja mmoja. Kwa mtoto ambaye macho yake yanarukaruka mistari, hilo la mstari mmoja mmoja ndilo ningeanza nalo.

Utaambiwa pia kuhusu fonti maalumu za disleksia. Hazidhuru, na mtoto akizipenda mwachie. Ila tafiti zilizozipima hazijaonyesha kwamba fonti yenyewe inaongeza kasi ya kusoma. Nafasi pana kati ya herufi ina msaada zaidi, na hiyo unaipata kwa fonti yoyote.

Vya kusoma je? African Storybook, mradi ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, una hadithi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Unazipakua bure, na leseni inakuruhusu kutengeneza toleo lako: kupunguza sentensi, kuacha mstari mmoja kila ukurasa. StoryWeaver ya Pratham Books kutoka India inafanya kazi kama hiyo, na baadhi ya hadithi zake zina sauti inayosoma huku maneno yakimulikwa.

*Haoni, au anaona kwa shida*

Tenganisha hali hizi mbili, kwa sababu zana zake ni tofauti kabisa. Mwenye uoni hafifu anahitaji ukuzaji na utofauti mkali wa rangi. Kwenye Windows, shikilia kitufe cha Windows na ubonyeze alama ya kujumlisha, skrini inakua. Kwenye simu, ongeza ukubwa wa maandishi na uwashe ukuzaji, vyote viko kwenye ufikivu. Kamera ya simu yenyewe ni kikuzaji kizuri cha kitabu cha karatasi.

Asiyeona kabisa anahitaji kisoma skrini, yaani programu inayotamka kila kilichopo kwenye skrini. Kwenye Android ni TalkBack, kwenye iPhone ni VoiceOver, na vyote viwili vimo ndani ya simu. Kwenye Windows pakua NVDA. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, akishirikiana na James Teh ambaye naye haoni, na tangu hapo inatolewa bure. Ina sauti ya Kiswahili ndani yake. Si tamu sikioni, ni ya kimashine, lakini haihitaji intaneti hata kidogo. Jambo ninalolipenda zaidi: unaweza kuiweka kwenye flashi na kuichomeka kwenye kompyuta yoyote ya Windows bila kuisakinisha, kwa hiyo mtoto anatembea na kisoma skrini chake mfukoni.

Kwa karatasi zilizochapwa kuna Lookout ya Google na Seeing AI ya Microsoft: unaelekeza kamera, simu inasoma. Na kwa mtoto anayejua nukta nundu (Breli, maandishi yanayosomwa kwa vidole), tangu mwaka 2020 TalkBack ina kibodi ya nukta sita juu ya skrini ya kawaida. Mtoto anayejua nukta nundu asiachishwe kwa sababu simu inaongea. Kusikiliza hakumfundishi tahajia, na siku moja atahitaji kuandika jina lake na la mtu mwingine bila kukosea.

*Hasikii, au anasikia kidogo*

Live Transcribe ya Google, iliyotolewa mwaka 2019 baada ya kutengenezwa kwa ushirikiano na Gallaudet, chuo kikuu cha viziwi cha Marekani, inaandika kwenye skrini maneno yanayosemwa, papo hapo. Inafanya kazi kwa lugha zaidi ya 70, Kiswahili kimo. Kwenye simu nyingine imo tayari ndani ya ufikivu, kwingine unaipakua.

Mambo mawili lazima uyajue kabla hujaitegemea. La kwanza ni umbali. Simu iliyo mezani kwa mtoto inasikia zaidi wanaopiga kelele karibu yake kuliko wewe uliyeko mbele. Ama mtoto akae mbele kabisa, ama uvae maikrofoni ndogo iliyounganishwa na simu yake, ama simu ikae kwako na skrini yake ionyeshwe kwa projekta kama ipo. Hiyo ya projekta ina faida ya ziada: darasa zima linaona maneno, na utashangaa ni wangapi wanaosikia vizuri wataanza kuyanakili.

La pili ni zito zaidi. Mtoto kiziwi ambaye lugha yake ya kwanza ni lugha ya alama hapati somo kwa kuandikiwa tu. Kwake maandishi ni lugha ya pili, na pengine bado hajaijua. Simu haichukui nafasi ya mkalimani wala ya mwalimu anayejua alama. Kama hakuna mkalimani, jifunze walau alama za somo lako. Video za kufundishia alama zipo bure mtandaoni, lakini hakikisha ni za lugha ya alama ya nchi yako, maana lugha za alama hutofautiana kati ya nchi na nchi, na alama za Marekani huenda zisimsaidie.

Ukitumia video, isiwe video bila manukuu, yaani maneno yanayosemwa yakiandikwa chini ya picha. Ukirekodi yako mwenyewe na kuiweka YouTube, unaweza kuandika manukuu ndani ya YouTube Studio bila malipo. Kwa video ya dakika tano tenga kama saa moja mara ya kwanza, baadaye inakuwa nyepesi.

*Haongei, au maneno yake hayatoshi*

Cboard ni ubao wa mawasiliano unaofunguka ndani ya kivinjari: mtoto anagusa picha, kifaa kinatamka neno. Picha nyingine za kutosha utazipata ARASAAC, mkusanyiko wa maelfu ya alama za picha unaomilikiwa na serikali ya jimbo la Aragon, Hispania, uliochorwa na Sergio Palao. Ruhusa yake ni kutumia bure kwa kutaja chanzo na bila kuuza. Lebo za picha unaweza kuziandika wewe mwenyewe kwa lugha ya darasa lako.

Hapa ndipo ninapoona makosa yanayoniuma zaidi, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo. Ubao wa kwanza ambao walimu wengi hutengeneza una picha za vitu: kalamu, meza, kitabu, kikombe. Mtoto anaonyeshwa kalamu na kuulizwa "hii ni nini?" Huo ni mtihani, hayo si mawasiliano. Anza na maneno yanayomwezesha kubadilisha jambo: *nataka, sitaki, acha, zaidi, nisaidie, bado, nimemaliza, naumwa, zamu yangu*. Maneno tisa hayo yatamfikisha mbali kuliko picha mia za vitu.

Kisha tumia ubao wewe mwenyewe unapoongea naye. Ukisema "tumemaliza", gusa *nimemaliza*. Mtoto anayeongea alisikia maneno kama mwaka mzima kabla ya kutamka la kwanza; huyu naye anahitaji kuona ubao ukitumika muda mrefu kabla ya kuutumia. Usimlazimishe kutamka ndipo umpe anachotaka. Usiufiche ubao kama adhabu, hata siku moja: ni sawa na kumziba mtu mdomo. Na wazazi wakiogopa kwamba ubao utamzuia asiongee, watulize. Picha hazizuii maneno kutoka.

Mwisho, hamisha ubao huo huo kwenye karatasi. Cboard inaweza kutoa PDF. Chaji ikiisha, mtoto asibaki bila sauti.

*Anajua jibu, kuandika ndiko kunamshinda*

Fungua Google Docs kwenye Chrome, bonyeza Ctrl, Shift na S, chagua Kiswahili kwenye orodha ya lugha, aongee. Kwenye simu, gusa kipaza sauti kilicho juu ya kibodi ya Gboard. Google iliongeza Kiswahili kwenye utambuzi wa sauti mwaka 2017. Usitarajie kwamba atasema "nukta" na nukta ikatokea. Amri za alama za uandishi zinafanya kazi kwa lugha chache tu. Fanya kazi iwe mbili: kwanza aseme mawazo yake yote, kisha arudi kuweka nukta na herufi kubwa. Kwa mtoto aliyekuwa haandiki kabisa, kurekebisha maandishi yake mwenyewe ni hatua kubwa.

*Anashindwa kufuata mpangilio wa siku au kutulia*

Ratiba ya picha nne tano kutoka ARASAAC na saa ya kuhesabu muda kwenye skrini, basi. Usimwongezee programu za michezo "ya kukuza umakini".

Hatua ya 3: Jaribu mwenyewe, kwa kazi ya kesho

Usijaribu kwa sentensi ya mfano. Chukua ule ukurasa wa somo la kesho na ufanye haya kwa mpangilio:

1. Washa zana na uipitishe kwenye ukurasa wote, mwanzo hadi mwisho. Andika ilipokwama.
2. Ifanye tena ukiwa katika hali ya mtoto. Kwa kisoma skrini, fumba macho. Kwa Live Transcribe, ziba masikio na ujue somo kwa kusoma tu.
3. Zima intaneti uone kinachobaki. Kama hakibaki kitu, andaa njia mbadala sasa, si kesho.
4. Zima zana, kisha iwashe upya bila kusoma maelekezo. Ukiweza, uko tayari.

Onyo kuhusu TalkBack: ikiwashwa, simu haifuati tena vidole vyako ulivyozoea. Kugusa mara moja kunasoma tu kilichopo chini ya kidole. Kufungua ni kugusa mara mbili. Kusogeza ukurasa ni kwa vidole viwili. Walimu wengi huwasha, hushtuka, na hushindwa kuizima. Kabla ya kuiwasha, weka njia ya mkato ya vitufe vya sauti kwenye mipangilio ya ufikivu: kushikilia vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde tatu kunaiwasha na kuizima.

Hatua ya 4: Andaa karatasi zako zisomeke

Hii ndiyo hatua inayoamua kama hizo nyingine zitafanya kazi, na karibu hakuna anayeniuliza kuihusu. Ukiacha zile za kamera kama Lookout, zana nyingi hazisomi picha ya maandishi. Ukipiga picha ukurasa wa kitabu na kuutuma, kwako ni maneno. Kwa kisoma skrini ni picha isiyo na neno ndani yake.

1. Pakia picha au PDF kwenye Google Drive. Faili isizidi MB 2, ukurasa uwe umesimama wima, mwanga sawasawa, bila kivuli cha mkono wako.
2. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua kuifungua kwa Google Docs. Drive itatoa maandishi nje ya picha.
3. Soma yote uyalinganishe na kitabu. Makosa yatakuwepo: herufi l inakuwa namba 1, majedwali yanavurugika, hesabu zinaharibika zaidi. Hesabu ziandike upya kwa mkono wako.
4. Weka vichwa vya habari kwa kutumia mitindo ya vichwa iliyomo kwenye programu, usikoleze tu maneno. Kisoma skrini huruka kutoka kichwa hadi kichwa kama wewe unavyopitisha jicho. Bila mitindo hiyo, mtoto analazimika kusikiliza ukurasa mzima kutafuta swali la sita.
5. Kila picha yenye kazi katika somo iandikie maelezo mafupi. "Picha ya mmea" haitoshi kama swali linauliza mizizi iko wapi. Andika kile ambacho swali linakitaka, bila kutoa jibu.
6. Panga maandishi upande wa kushoto, acha nafasi kati ya mistari, usiandike aya nzima kwa herufi kubwa.
7. Angalia rangi. Kiwango cha kimataifa cha wavuti kinataka utofauti wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma. WebAIM, shirika linaloshughulikia ufikivu wa wavuti, wana kikokotoo cha bure: unaweka rangi mbili, kinakupa jibu. Nyekundu juu ya kijani achana nayo. Wapo watoto wasiozitofautisha na hawajui kwamba hawazitofautishi.

Ukiona kazi ni nyingi, fanya ukurasa mmoja kwa juma. Karatasi iliyoandaliwa mara moja itatumika miaka mingi, na walimu wenzako wataiomba.

Hatua ya 5: Zungumza na mtoto na mzazi

Mwonyeshe mtoto zana akiwa peke yake, kabla ya somo. Mwachie achague: sauti ya kike au ya kiume, kasi, ukubwa wa herufi. Kilichochaguliwa naye atakitumia.

Mzazi au mlezi mweleze kwa maneno ya kawaida kifaa kinafanya nini na taarifa gani zinatoka. Zana zinazosikiliza sauti mara nyingi huituma kwenye mtandao ili iandikwe, na mzazi ana haki ya kujua hilo. Pata ridhaa yake kabla.

Onyo: usiandike jina kamili la mtoto pamoja na hali yake kwenye programu yoyote, wala usimfungulie akaunti kwa umri wa uongo. Huduma nyingi zinataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi. Tumia akaunti yako, au zana zisizohitaji kuingia kabisa. NVDA, TalkBack na usomaji wa Edge havihitaji akaunti ya mtoto.

Hatua ya 6: Ifungulie darasa zima

Mtoto mmoja akipewa simu na wengine arobaini wakabaki na karatasi, baada ya siku mbili ataikataa. Atasema imeharibika. Ukweli ni kwamba anatazamwa.

Kwa hiyo itangaze kama njia mojawapo ya kufanya kazi. Siku hiyo kila kikundi kipite kwenye meza ya kusikiliza kwa dakika kumi. Hadithi ile ile wengine waisome, wengine waisikilize, kisha wote wajibu maswali yale yale. Mtoto uliyemkusudia abaki pale muda anaouhitaji, naye hataonekana wa pekee. Kwa ubao wa picha, bandika nakala kubwa ukutani na uitumie kwa darasa zima: "zamu ya nani?", gusa picha.

Maswali yawe yale yale. Nimeona mtoto akipewa kifaa kizuri kisha akapewa zoezi la darasa la chini. Kifaa kiliondoa kikwazo, mwalimu akarudisha kingine.

Hatua ya 7: Pima kwa wiki mbili, kisha amua

Rudi kwenye sentensi ya hatua ya 1. Kila siku andika mambo mawili tu: amefanya nini bila kusaidiwa, na amehitaji msaada wako mara ngapi. Baada ya wiki mbili soma daftari. Kama mara za msaada zimepungua, endelea, na mwezi ujao fikiria kikwazo cha pili. Kama hazijapungua, usikimbilie programu nyingine. Rudi uangalie karatasi zako kwanza, kisha sentensi yenyewe.

Usiipime kwa furaha ya mtoto siku ya kwanza. Kila mtoto hufurahia simu mpya.

Mambo yanapokwama

*Simu inasoma Kiswahili kwa lafudhi ya Kiingereza.* Injini ya sauti imewekwa kwenye lugha nyingine. Nenda kwenye mipangilio ya kubadilisha maandishi kuwa sauti, chagua Kiswahili, kisha pakua data ya sauti yake ukiwa na intaneti. Kwenye Edge, badili sauti kupitia chaguo za sauti zilizo juu ya ukurasa.

*Inaruka ukurasa au inasema hakuna maandishi.* Hiyo ni PDF ya picha. Rudi hatua ya 4.

*Live Transcribe inaandika maneno yasiyoeleweka.* Angalia kwanza lugha iliyochaguliwa chini ya skrini. Kisha sogeza maikrofoni, mtu mmoja aongee kwa wakati, na maliza sentensi zako. Majina ya watu na istilahi za sayansi zitakosewa hata hali ikiwa nzuri. Ziandike ubaoni kabla ya kuanza somo.

*Kuandika kwa sauti hakumwelewi mtoto.* Mfumo ulifundishwa zaidi kwa sauti za watu wazima wenye matamshi ya kawaida. Mtoto mwenye kigugumizi au matamshi tofauti anaweza asieleweke, na kumrudisha arudie mara sita ni kumuumiza. Jaribu dakika kumi. Ikishindikana acha, rekodi sauti yake tu, na usahihishe kwa kusikiliza.

*Intaneti imekatika katikati ya kipindi.* Kisoma skrini, ukuzaji wa skrini na ubao wa karatasi vinaendelea. Sauti za Edge zitasimama. Simu yenye sauti iliyopakuliwa itaendelea kusoma. Ikiwa shule haina intaneti kabisa, tafuta habari za Kolibri ya Learning Equality: masomo yanapakuliwa mara moja kwenye kompyuta moja, na vifaa vingine vinayasoma kutoka hapo bila mtandao wa nje.

*Mtoto anagusa picha zote za ubao ovyo.* Anachunguza, kama mtoto mchanga anavyobwabwaja. Jibu kama vile alimaanisha: akigusa *zaidi*, mpe zaidi. Usipunguze picha mpaka zibaki mbili.

*Mtoto amekataa kabisa.* Zima kifaa, kaa naye, muulize ni nini kimemkera. Mara nyingi ni jambo dogo: visikizi vinambana, sauti inakwenda mbio, au mwenzake alimcheka jana. Rekebisha hilo moja, mwache siku mbili tatu, kisha mpe tena kifaa kikiwa kimezimwa, akiwashe yeye.